Gari Lililomkataa Mwalimu

"Mama, usishtuke," sauti ya jirani ilianza kwenye simu, na hapo hapo Mwalimu akashtuka.

Alikuwa ameketi upande wa abiria, mguu juu ya ile breki ya pili wanayowekewa walimu wa udereva, akimwelekeza mwanafunzi mmoja mrefu kama mlingoti namna ya kurudi nyuma bila kugonga pipa. Jirani alikuwa anapiga kutoka mji wa juu, kule milimani, anakoishi binti yake, mtoto wake wa pekee. Uchungu ulikuwa umemwanza kabla ya siku zake. Mumewe alikuwa safarini kikazi na simu yake haipatikani. Majirani walikuwa wanahangaika kutafuta gari la kumfikisha hospitali.

"Mwenyewe anasemaje?" Mwalimu akauliza.

"Anasema uje. Hasemi lingine, mama. Wewe njoo tu."

Mwanafunzi alishushwa pale pale kando ya barabara, hata hajui kama amefaulu kurudi nyuma au ameligonga pipa. Mwalimu akazunguka, akaingia kwenye kiti cha dereva, akakivuta mbele mpaka miguu yake ikazifikia pedeli, akaondoka. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti iliyompita kimo, na mji mzima walimwita Mwalimu, hata wale ambao hawajawahi kushika usukani. Njiani alikumbuka kwamba hakuchukua nguo za kubadilisha, hakuchukua blanketi la mtoto, hakufunga hata dirisha la jikoni. Akajiambia dirisha litajijua.

Kwenye mzunguko wa soko, katikati kabisa, injini ikakohoa mara moja, ikanyamaza.

"Si leo," Mwalimu akaliambia gari. "Nakuomba. Si leo."

Ugonjwa wenyewe aliujua kwa sura, ila chanzo hakukijua. Kwa wiki kadhaa fyuzi ya pampu ya mafuta ilikuwa inaungua ovyo ovyo. Pampu ikikosa umeme injini haipati mafuta, na hapo ndipo mwisho wa safari. Fundi mmoja alimwambia pampu imezeeka, akaibadilisha. Fyuzi ikaungua na pampu mpya. Mwingine akalaumu fyuzi zenyewe, eti za bandia. Tangu hapo Mwalimu alitembea na fyuzi za akiba ndani ya kikopo cha poda. Aliinama chini ya dashibodi, akachomoa iliyoungua, kile kiwaya chembamba cha ndani kimekatika na plastiki imeingia weusi, akachomeka nyingine. Akawasha. Pampu ikaguna kidogo, halafu tik, kimya. Akachomeka nyingine. Tik.

Nyuma yake honi zilikuwa zimeungana zikawa honi moja ndefu. Wanaume wa sokoni wakaja kusukuma, na kwa kuwa juu ya paa kulikuwa na kibao kilichoandikwa MWANAFUNZI, mmoja wao akamwinamia dirishani kwa huruma.

"Usijali, dada. Wote tulianza hivyo hivyo. Mwalimu wako kakukimbia?"

"Sukuma, kaka. Maswali baadaye."

Walipomuuliza wampeleke wapi, alitazama kwanza upande wa milimani. Gereji ya karibu ilikuwa moja tu, mtaa wa pili kutoka pale, na ndiyo hiyo hiyo aliyoapa kwamba hata gari likiota pembe hatalipeleka.

"Kwa Fundi Shoti," alisema mwishowe, kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

Fundi Shoti alikuwa fundi umeme wa magari. Waya ukigusa pasipostahili na umeme ukakata njia, mafundi wanasema kuna shoti, na huyu alikuwa na pua ya kuzinusa shoti zilizowashinda wenzake. Ndiyo maana ya jina. Alikuwa pia baba wa binti anayeumwa uchungu kule milimani. Yeye na Mwalimu walikuwa wameachana miaka mingi, bila fujo wala matusi, na tangu hapo kila mmoja alichagua barabara zake.

Gari liliposukumwa hadi ndani, alikuwa ameinama chini ya boneti ya lori. Alinyanyuka polepole, mrefu, mkavu, miwani yake imefungwa kwa utepe mweusi wa umeme pale mkono ulipovunjika.

"Mwalimu," akasema.

"Fundi. Habari za siku nyingi tutaulizana baadaye. Mtoto ana uchungu."

"Mtoto gani?"

"Tuna wangapi?"

Fundi akafuta mikono kwenye kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono. "Si bado siku zake?"

"Ndiyo nakwambia. Na gari linaunguza fyuzi ya pampu. Dereva wa teksi ninayemjua yuko mbali, hatarudi mpaka jioni. Basi la kupanda kule huondoka alfajiri tu. Wewe una gari hapa linalotembea?"

Wote wawili wakatazama huku na huku. Magari yalikuwepo, lakini yote yamekaa boneti wazi kama wagonjwa mbele ya daktari wa meno. Fundi alikwishaingia kwenye gari la Mwalimu, akasukuma kiti nyuma mpaka mwisho ili magoti yake yapate pa kukaa, akachomeka fyuzi mpya, akawasha. Injini ikanguruma vizuri. Akatoka nalo getini, akazunguka mtaa, akarudi huku kiwiko kikiwa dirishani.

"Hakuna kitu," alisema.

Maneno hayo mawili Mwalimu aliyafahamu kama anavyofahamu sauti ya mlango wake. Ndiyo aliyoambiwa siku binti yao, akiwa bado wa shule ya msingi, alipojikunja kitandani akishika tumbo. Hakuna kitu, amekula ovyo, atalala ataamka mzima. Mwalimu alimbeba mgongoni mpaka zahanati, na madaktari walimkuta na kidole tumbo kilichokuwa karibu kupasuka. Fundi alilia siku ile, tena alilia kweli. Lakini baada ya hapo Mwalimu alipomwambia paa linavuja, ilikuwa hakuna kitu. Alipomwambia hawaongei tena ndani ya nyumba hii, ilikuwa hakuna kitu. Mpaka siku Mwalimu alipofunga mizigo yake.

Hakuwa na muda wa kukumbuka yote hayo. Aliingia, akavuta kiti, akatia gia. Hata getini hakufika vizuri. Tik.

"Umelifanyaje?" Fundi akauliza akija mbio.

"Nimeliendesha."

"Hapana, mguu. Labda unakanyaga mafuta kwa pupa."

Mwalimu alimtazama bila kupepesa. Nusu ya madereva wa mji ule walipita mkononi mwake. Fundi akaona alichokisema, akakohoa, akabadilisha fyuzi. Akaendesha yeye, gari likaenda. Akaendesha Mwalimu, likazima. Mchomeleaji wa jirani, mtu wa maneno mengi ambaye siku zote alikuwa na kazi kidogo kuliko maneno, aliacha kuchomelea geti lake, akapandisha miwani yake myeusi kichwani, akaja kusimama kama aliyekuja mpirani.

"Gari limekukataa, Mwalimu," akasema. "Hili linataka mwanaume."

"Linataka fundi," Mwalimu akajibu bila kugeuka. Kisha akamgeukia Fundi. "Basi endesha wewe! Kama kwako linakwenda, panda, twende. Mimi nitakaa hata kwenye buti."

Fundi alitikisa kichwa. "Njia ile ni kona tupu. Injini ikizima kwenye kona, usukani unakuwa mzito kama nguzo na breki haishiki. Linaweza kuzima kwangu pia, sijui lini, kwa sababu sijui kwa nini linazima. Siwezi kukupakia kwenye gari nisilojua linaumwa nini."

"Mwanao yuko peke yake!"

"Najua yuko peke yake. Sasa akifika hospitali, halafu sisi tuletwe nyuma yake kwa machela?"

Alikuwa amesema kweli, na hilo ndilo lililomchoma Mwalimu zaidi. Fundi akaingia kwenye chumba chake cha vifaa. Mwalimu hakuweza kusimama mahali pamoja. Alitembea mpaka getini, akarudi, akatazama simu, akaiweka mfukoni, akaitoa tena. Alimpigia binti, haikupokelewa. Alimpigia jirani, inatumika. Alijaribu kukaa juu ya tairi kuukuu, akainuka kana kwamba lina moto.

Mchomeleaji akamsogelea, safari hii kwa sauti ya chini. "Mwalimu, nikwambie siri ya madereva wa malori? Toa ile karatasi ya kung'aa kwenye pakiti ya sigara, ikunje, ipachike pale penye fyuzi. Haikatiki hiyo hata kwa dawa. Utafika, mengine utatengeneza huko huko." Na pakiti akaitoa mwenyewe.

Mwalimu alijua. Kila darasa jipya aliwaambia wanafunzi wake kwamba fyuzi ni mlinzi: inakubali kufa yenyewe ili gari lisiungue, na anayempa mlinzi dawa ya usingizi asishangae nyumba ikiibiwa. Alijua, na bado akaipokea ile karatasi. Aliikunja, akaipachika, akaingia, akavuta kiti, akageuza ufunguo.

Gari liliwaka kwa mlio wa kinyonge. Kwa muda mfupi akadhani ameshinda. Kisha harufu ikaja, ya plastiki inayoyeyuka, na uzi wa moshi ukapanda kutoka chini ya dashibodi, ukapita mbele ya macho yake bila haraka yoyote.

"Zima!" Fundi alikuwa anakuja mbio, ametupa alichokishika. "Zima! Toka nje!"

Mwalimu akageuza ufunguo, lakini mkono wa Fundi ulikwishapita katikati ya miguu yake, ukainyofoa ile karatasi ikiwa bado nyekundu ukingoni. Akaitupa chini, akaruka akipunga vidole hewani, akitoa maneno yaliyomfanya hata Mchomeleaji aone ni vizuri arudi kwenye geti lake.

Mwalimu alitoka, akasimama akiegemea bodi ya gari. Akachukua dumu la maji lililokuwa karibu na lori, akammiminia Fundi vidoleni. Malengelenge yalikuwa yameshaanza kuinuka. Maji yalipokwisha, Fundi hakuuondoa mkono upesi.

"Nilikuwa naleta taa ya kupimia," alisema. "Nusu dakika tu, usingesubiri?"

"Nimesubiri sana mimi," Mwalimu akasema, na sauti ile kubwa ikapasuka katikati. Aligeuza uso kutazama ukuta.

Fundi alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa ikiwa chafu vile vile. Kisha akachuchumaa mbele yake, maana akisimama huwa anamwangalia kutoka juu, akauliza kwa sauti ambayo Mwalimu hakuwa ameisikia kwa muda mrefu.

"Hebu niambie tangu mwanzo. Linazima lini na lini? Niambie yote, hata unayoona ya kijinga. Sitakukatiza."

Mwalimu alitaka kumjibu vibaya, na jibu baya lilikuwa tayari mdomoni. Lakini kule milimani hakukuwa na mtu wa kungojea wamalize kugombana. Akavuta pumzi.

"Lilianza baada ya kubadilisha vitambaa vya viti. Mwanzoni nilidhani ni wanafunzi. Yule niliyemshusha leo, halijawahi kumzimia hata mara moja. Na kuna askari mmoja mstaafu, naye halimzimii. Ila kuna muuguzi namfundisha siku za mapumziko yake, maskini, kila somo tunasukuma. Na dada mmoja wa duka la vitabu. Nikawa nasema hawa wana mkosi."

"Hao wawili wanaendesha vibaya?"

"Muuguzi ni mzuri kuliko wote."

"Wanapita njia nyingine? Wanawasha redio, taa, feni?"

"Njia ni zile zile. Redio nimepiga marufuku."

"Sasa wana nini ambacho askari hana?"

"Hawana kitu. Wanawake wa kawaida, wanyonge, wafupi kama mi..." Mwalimu akakatiza neno.

"Wafupi," Fundi akasema.

Wote wawili waligeuka kwa pamoja wakakitazama kiti cha dereva.

Fundi aliinua kiti cha nyuma, akachomoa plagi ya pampu, ili kwenye njia ile ya umeme pasibaki kitu cha kufanya kazi. Mahali pa fyuzi akaunga taa yake ya kupimia, balbu ndogo yenye nyaya mbili, akaining'iniza kwenye kioo cha katikati. Kisha akaunga umeme upite kwenye balbu hiyo mpaka kwenye waya wa pampu, akageuza ufunguo. Balbu ikabaki giza.

"Pampu nimeichomoa, kwa hiyo umeme hauna pa kwenda. Balbu hii ikiwaka, maana yake waya unagusa chuma cha bodi mahali." Alitikisa nyaya chini ya dashibodi. Giza. Akagonga sakafu kwa ngumi. Giza. Akatoka, akamwachia Mwalimu mlango wazi. "Ingia. Kaa unavyokaa siku zote."

Mwalimu akaingia. Kiti kilikuwa mbali, nyuma kabisa, pale pa miguu mirefu ya Fundi. Akashika kishikio cha chini ya kiti, akavuta. Kiti kikateleza, kikaingia mahali pake kwa mlio wa chuma.

Balbu ikawaka. Ikawaka nyeupe, kali, mpaka Mwalimu akafumba jicho moja.

"Rudisha nyuma," Fundi alisema.

Ikazimika.

"Mbele."

Ikawaka.

Alifungua bolti za kiti kwa mkono mmoja na nusu, vile vidole vilivyoungua amevikunja pembeni. Mwalimu alishika spana upande wa pili bila kuombwa, akifungua kwa hasira zaidi kuliko ustadi. Walikiinua kiti, wakakiweka juu ya mchanga, wakafunua zulia. Waya wa pampu ulitakiwa kupita kwenye mfereji wake kando ya mlango. Fundi wa viti alipokuwa anarudisha viti baada ya kubadilisha vitambaa, aliuacha nje ya mfereji, akafunga reli ya kiti juu yake. Kila mtu mfupi alipovuta kiti, meno ya reli yaliukwangua waya kidogo kidogo, mpaka kava likaisha na shaba ikabaki uchi, inang'aa kama pete mpya, ikilala kwenye chuma.

"Kumbe ulikuwa unasema kweli," Fundi akasema.

"Kumbe?"

Fundi alinyanyua macho. Neno lilikuwa limeshatoka, halirudi. "Nimesema vibaya," alisema taratibu. "Ulikuwa unasema kweli. Basi."

Mwalimu akamshikia tochi.

Fundi alikata kipande kilichokwanguliwa na kilichoiva kwa ile karatasi ya sigara, akaunga waya mpya, akausokota, akauyeyushia risasi ya kulehemu, akaufunga utepe tabaka juu ya tabaka. Akaurudisha kwenye mfereji wake na kuubana. Walipofunga kiti, alimwambia akivute mbele, akirudishe, akivute tena, kwa nguvu, kwa hila, kwa kukurupuka. Balbu haikuwaka. Akairudisha plagi ya pampu, akaweka fyuzi ya kiwango chake halisi, si kubwa zaidi, akafunga kifuniko.

"Endesha," akasema, akaingia upande wa abiria akiwa na mafuta mpaka viwiko. Hakuna aliyemwalika, na hakuna aliyemkataza. Lori liliachwa boneti wazi, na Mchomeleaji akapungiwa mkono alinde gereji.

Walipotoka mjini simu ikaita, Fundi akaipokea na kuiweka sauti nje. Alikuwa jirani. Wamefika hospitali, alisema, wamempata dereva wa gari la mikate akawabeba. Madaktari wanasema mtoto amekaa vibaya kidogo, wanajaribu kumgeuza. Simu ikakatika kabla Mwalimu hajauliza "kidogo" ni kiasi gani.

Alikanyaga mafuta. Barabara ilianza kujipinda kuelekea juu, ukuta wa mwamba upande mmoja, hewa tupu upande wa pili. Yeye aliyewafokea wanafunzi kwa kupita gari jingine kwenye mlima, alilipita trekta, akalipita gari la mchanga, na alipokuwa anatafuta nafasi ya kulipita la tatu, gari likasita lenyewe. Akatega sikio, injini ilikuwa inanguruma vizuri. Likasita tena kwenye kona. Mwalimu akatazama chini upande wa pili.

"Toa mguu!"

"Mguu gani?"

"Hiyo breki ni yangu! Toa mguu kwenye breki yangu!"

"Nimeukanyaga bila kujua," Fundi alisema, na jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. "Wanafunzi wako wanapona vipi?"

"Wanapona kwa sababu aliyekaa hapo ulipokaa ana akili."

Fundi akainua magoti yake marefu mpaka kifuani, akayakumbatia, akasafiri hivyo kama mzigo uliofungwa kamba. Mwalimu alimwona kwa pembe ya jicho. Kicheko kilimpanda, akakibana, kikamtoka puani. Naye Fundi akacheka, cheko fupi la woga, kisha wote wakaona haya kucheka wakati mtoto wao anateseka.

"Atakuwa sawa," Fundi akaanza kusema, halafu akaacha. Baada ya kona mbili akasema tena, kwa namna nyingine. "Naogopa."

"Mimi pia," Mwalimu akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia neno hilo kinywani mwa Fundi, na ajabu, lilimpa nguvu za kushika usukani.

Hospitali ilikuwa jengo refu la ghorofa moja juu ya kilima. Mwalimu aliliegesha gari kwa kukingama nafasi mbili, kosa ambalo kwake mwanafunzi angerudia somo zima, akakimbia. Muuguzi wa zamu aliwazuia mlangoni kwa mkono.

"Mmoja tu."

Fundi alirudi nyuma hatua moja. "Mama yake," alisema. "Amemwita mama yake."

Ndani, binti alikuwa amelowa jasho, nywele zimeganda kwenye paji la uso. Alipomwona mama yake aliukamata mkono wake akauminya mpaka mifupa ikalia. Mtoto alikuwa amekubali kugeuka, mkunga alisema, sasa kazi ni moja. Mwalimu, aliyeshinda siku nzima hawezi kukaa wala kusimama, alisimama mahali pamoja. Kila wimbi la uchungu lilipokuja alilisindikiza kwa ile sauti yake kubwa: polepole, usikurupuke, sasa, sasa, usiachie. Mkunga akamtazama, akauliza kama amewahi kufanya kazi hii. "Ya kuelekeza watu wenye hofu, ndiyo," alijibu.

Jua lilikuwa linalala kwenye madirisha mtoto alipotoka. Alikuwa wa kiume, mdogo kama kiganja na nusu, mwekundu, na kwa muda uliokuwa mrefu kuliko barabara yote ya milimani hakutoa sauti. Kisha akalia. Si kilio kikubwa, ila kilikuwa chake. Wakampeleka kwenye chumba cha joto cha watoto waliozaliwa kabla ya siku, na daktari akasema anapumua mwenyewe, wamwangalie mpaka kesho ndipo aseme zaidi.

Binti alipopata nguvu ya kuongea, aliuliza ni nani anayepiga kelele koridoni.

"Baba yako. Anamwuliza kila anayepita."

Binti alifungua macho yote mawili. "Baba? Mmekuja pamoja? Ndani ya gari moja?"

"Tusiongee hayo sasa."

"Mmefika wazima?"

"Lala, mwanangu."

Alipotoka alimkuta Fundi mbele ya kioo cha chumba cha watoto, vidole vimefungwa bendeji, paji la uso limegusa kioo. Mtoto alikuwa amelala ndani ya kisanduku chake cha joto, kofia imemshuka mpaka nyusini. Walimtazama bega kwa bega. Kwa hakika ilikuwa bega kwa kiwiko.

"Ana kichwa cha kwenu," Fundi alisema.

"Na hiyo miguu?"

Fundi akaitazama miguu, myembamba, imekunjwa, haienei kwenye kisanduku. Hakubisha.

Benchi lilikuwa hapo, lakini Mwalimu hakulikalia. Alikwenda mpaka mwisho wa korido akarudi, akachungulia kwa binti, akachungulia kwa mtoto. Mpaka kesho, daktari alisema, na kesho ilikuwa mbali. Fundi alimwambia kwamba atalala hapo hapo kwenye benchi, kisha asubuhi atateremka kwa basi, maana lori la watu liko boneti wazi kule gereji. Mwalimu alisema yeye atabaki mpaka mkwe arudi.

"Wakiruhusiwa kutoka, nije kumwona?" Fundi aliuliza.

"Ni mjukuu wako. Piga simu kwanza, uulize anaendeleaje."

"Nikipiga, utapokea?"

Mwalimu alikuwa amekwishageuka kwenda kuchungulia tena kwa binti.

"Piga uone," alisema.